Nilivyopanga Laini ya Maji Chuo Kikuu

Jamani, leo nimetafuta pa kuficha uso nikakosa.

Mdogo wangu Akinyi anasomea sanaa chuo kikuu. Leo kazi yake ya mwisho ilikuwa inakaguliwa, na wakiipenda ingebaki pale chuoni daima. Akanialika. Nikatoka mtaani kwetu Huruma na gauni langu la harusi za watu (lile la zambarau, ndiyo).

Jengo lao jipya ni la matofali ya udongo, na paa linakinga maji ya mvua hadi kwenye tangi kubwa. Akinyi alisema kazi yake iko kando ya tangi. Nikafika mapema. Nikatafuta sanamu. Wapi! Kulikuwa tu na mitungi ya plastiki ya manjano, laini ndefu kuelekea mfereji wa tangi, juu ya mchanga wa rangi rangi. Wenyewe hawapo.

Sasa, mtu wa Huruma ukimwonyesha mitungi na mfereji unatarajia afanye nini? Kwetu mtungi unakushikia nafasi, wewe unaendelea kufua. Zamu ikifika haupo, jirani mwema anakujazia. Na mimi ni jirani mwema (hakuna aliyeniomba). Nikafungua maji. Nikajaza wa kwanza, nikausukuma kando, nikavuta wa pili. Huo ulikuwa umetoboka. Maji yakatapakaa mchangani, nikaona afadhali, vumbi litatulia.

Mara mzee mmoja aliyevaa tai akaja, akainama, akashika mtungi wa mbele.

"Wee mzee! Laini inaanzia huko nyuma!"

Akashtuka. "Mama, mimi ndiye mtahini."

"Hata ukiwa chifu, utangoja!"

Nyuma yake walisimama walimu wengine, na Akinyi, mkono mdomoni. Ndipo nikaona kibao: "Kungoja Maji", na jina la mdogo wangu chini yake. Ule mchanga ulikuwa ramani ya mtaa wetu. Nilikuwa nimeuzamisha wote, nyumba yetu ikiwemo.

Mtahini akamgeukia Akinyi. "Unamjua huyu mama?"

Akinyi akatazama matope, akanitazama mimi.

"Hapana, Prof. Simjui."

"Kweli, hatujuani," nikaitikia, nikaondoka viatu vikitema maji.

Imeniuma, lakini ningekuwa yeye ningejikana pia. Matokeo yake sijathubutu kuuliza.

Na atakayecheka hapa, hata mimi simjui.