Gauni la Maricar na Mkoba Uimbao

Jumatatu, 19 Mei 2008

Edelwisa amerudi kutoka Hong Kong. Hakuna aliyemwita. Masanduku manne! Maricar, binti wa kaka yangu, ameletewa kicheza muziki chenye umbo la mkoba wa kike: rangi ya waridi, mnyororo wa dhahabu bandia, mavazi matatu ya kukibadilishia. Kifaa kina nguo nzuri kuliko mimi. Mtoto wa miaka minane hakuuchukua mkono wangu kuugusisha kwenye paji lake, salamu yetu ya heshima kwa wakubwa. Mikono yake ilikuwa na shughuli.

Nilimwambia kaka yangu kwamba zamani watoto waliimba wenyewe. Akajibu kwamba anakumbuka, na mimi ndiye niliyekuwa nikiambiwa ninyamaze.

Jumanne, 20 Mei

Balaa. Maandamano ya maua ya Bikira Maria ni Jumapili. Maricar ndiye malkia mdogo, na magauni yote ya ukoo huu hutoka kwenye cherehani yangu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Leo Edelwisa, mama yake mdogo, amenitangazia mbele ya watu kwamba amekuja na gauni la dukani linalofanana na ule mkoba. "Pumzika, dada Choring. Macho yako yamefanya kazi ya kutosha."

Macho yangu! Nilimshukuru kwa adabu. Nilipofika nyumbani nilikata satini ya mteja upande usio sahihi.

Jumatano, 21 Mei

Mungu yupo. Gauni la Hong Kong limekwama kwapani. Maricar amekua, na Edelwisa alinunua kwa vipimo vya picha ya mwaka jana. Nilikuwepo, kwa bahati tu, na futi ya kupimia shingoni.

Maricar amekubali nimshonee, kwa sharti moja: gauni liwe na mfuko wa mkoba wake. Nilimwuliza malkia anahitaji muziki wa nini wakati watu wanasali. Akasema, "Basi, Shangazi, nitakwenda na sketi ya shule."

Nimeshinda. Mbona basi sijisikii mshindi? Zawadi ya Edelwisa ndani ya mshono wangu!

Ijumaa, 23 Mei

Nimepata dawa. Kifaa kina spika ndogo. Wiki nzima Maricar amekuwa akipiga wimbo mmoja tu, wa kutikisa nyonga. Nitatembea nyuma yake nikitengeneza mkia wa gauni. Sala ikikolea, nitabonyeza kitufe kupitia kitambaa. Padri Hermogenes, asiyevumilia hata kikohozi, atauliza ni nani aliyeleta upuuzi huo. Mji mzima utamjibu: Edelwisa. Mtoto atasamehewa, ni mtoto.

Mfuko nimeushona kwa mkono, mishono midogo sana. Ubaya wangu hauna uzi unaoning'inia.

Jumapili, 25 Mei

Siwezi kunyoosha mgongo.

Tulipofika kwenye kona ya soko, betri ya kipaza sauti ilikufa. Waimbaji wakapoteana. Kimya. Nikaona ndiyo saa yangu, nikabonyeza.

Ikatoka sauti ya Edelwisa! Akiimba wimbo wa Bikira Maria, polepole, bila kukosea hata neno moja. Alikuwa amemrekodia Maricar ili ajifunze, na mtoto alikuwa ameuweka tayari. Bibi vizee wakalia. Watu wote wakaifuata sauti ile.

Nikakizima haraka. Padri akanifokea: "Aliyezima ni nani? Washa!" Nikawasha. Akasema haisikiki vizuri, mfuko unaibana. Kwa hiyo nimetembea nusu ya mji nimeinama, nikiushikilia mdomo wa mfuko kwa vidole viwili, ili mwanamke yule asikike.

Jumatatu, 26 Mei

Padri amemwomba Edelwisa aongoze nyimbo mwakani.

Asubuhi Edelwisa alikuja kwangu pamoja na Maricar, na sahani ya biko, wali mtamu wa nazi, ungali moto. Amewaambia watu wote kwamba gauni nimeshona mimi, na kwamba bila vidole vyangu sauti yake isingefika popote. Kisha akatoa kisanduku: kicheza muziki changu mwenyewe, chenye umbo la kiatu cha kisigino kirefu. Alikinunua siku aliyonunua cha Maricar, ila kilikuwa chini kabisa ya sanduku la nne. Maricar akaniuliza kama anaweza kuja kila Jumamosi, tusikilize pamoja.

Nilitabasamu mpaka walipoondoka. Kisha nikatafakari. Mtoto amepewa mkoba, unaobebwa. Mimi nimepewa kiatu, kinachokanyaga matope. Ujumbe umefika.

Hapa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Nimeila biko yote, nikairudisha sahani tupu, tena bila kuiosha. Atajua maana yake.

Saa kumi jioni ameileta tena, imejaa. Mwanamke huyu hana huruma hata kidogo.