Barua ya Ujana kwa Bi. Pruitt

Jumatatu, 3 Machi
Uchaguzi wa mwenyekiti wa kamati ya kanuni ya mtaa wetu wa wastaafu ni Jumamosi. Kiti hicho ni changu! Mwenyekiti hupewa kigari cha gofu chenye taa ya njano juu. Watu wakiiona tu, huingiza ndani mbio mapipa ya taka waliyoyaacha nje. Mpinzani wangu ni Herb Lindqvist, mtu wa kusamehe kila kitu. Nahitaji kosa kubwa la kuwaonyesha wanachama. Nimezunguka asubuhi yote. Nimepata nini? Sanamu ya chura isiyo na kibali, kwenye changarawe ya uani kwa mtu. Aibu tupu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Kwenye nyumba iliyouzwa juzi, karibu na bwawa la kuogelea, ameingia Bi. Rosalind Pruitt. Hapa Palo Dorado haishi mtu aliye chini ya miaka hamsini na mitano. Ndiyo kanuni mama. Bibi huyu hana hata mkunjo mmoja usoni, na kwenye mazoezi ya majini anaruka mpaka sisi tuliokaa vitini tunalowa. Nimemwandikia onyo: anashukiwa kuwa na miaka hamsini tu, alete uthibitisho. Nimelibandika mlangoni kwake kwa mkono wangu. Marlene, mke wangu, ameniambia niache kuchokoza watu. Marlene hajui siasa.

Jumatano, 5 Machi
Makubwa! Rosalind ana miaka sitini na minane. Amekuja na leseni yake ya udereva, anacheka mpaka machozi. Barua yangu kaitia kwenye fremu, kaipeleka bwawani, kaionyesha kila mtu. Kanibusu shavuni hadharani! Alasiri Bi. Eunice Haldane, mwalimu mstaafu, alinisimamisha na kuniuliza yeye ana kasoro gani hata asishukiwe.

Alhamisi, 6 Machi
Akili ni mali. Nimewashuku wanawake wa mtaa mzima! Bi. Eunice kalia kwa furaha. Nimeletewa biskuti, viazi vya jibini, na keki ya nanasi. Bwana mmoja mwenye nyonga za chuma naye kaomba barua yake, nimempa. Bwawani leo ni vicheko tu. Herb atapigiwa kura na nani, na yule chura? Nyumbani Marlene kanipa supu ya kopo. Sijui ana nini.

Ijumaa, 7 Machi
Marlene bado kanuna. Nikamuuliza.
“Kila mwanamke hapa umemwona kijana, hata Eunice na mkongojo wake,” alisema. “Mimi mkeo umenionaje?”
Nikamweleza ukweli. Nitamshukuje, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwandalia sherehe ya miaka sabini, ukumbini, mbele ya wanachama wote? Hoja safi kabisa. Marlene akaenda kulala.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshindwa! Kwa kura moja! Herb alisimama akasema, taratibu, kwamba kwa barua za Wendell, yaani mimi, Palo Dorado imejaa vijana, kwa hiyo tujenge bembea na shule ya chekechea. Watu walicheka mpaka meno ya bandia ya mtu yakaangukia mezani. Hata mimi nilicheka. Na bado ningeshinda. Lakini kura zetu ni za kunyoosha mkono, na mkono wa Marlene, kando yangu kabisa, ulipanda juu kwa Herb, pete niliyomvisha ikimetameta kidoleni.

Jumapili, 9 Machi
Nimejifunza. Mke kwanza, siasa baadaye. Asubuhi nimemwekea Marlene onyo kando ya kahawa: anashukiwa kuwa na miaka hamsini na minne. Kalisoma, katabasamu, nami moyo ukaniyeyuka. Jamani, nampenda mwanamke huyu! Kisha tabasamu likakatika.
“Rosalind ulimwandikia hamsini,” alisema.
Naandika haya nikiwa kwenye kochi, na mto wangu nimetupiwa huku huku. Hakuna neno. Kesho Marlene anapata barua mpya: arobaini na tisa. Na kwa kuwa kanuni haina upendeleo, Rosalind naye nitampelekea nyingine. Arobaini.