Temnin, Joka Asiyepigika Gizani

Jumatatu, 3 Novemba

Nimempata! Miezi mitatu nakuna kichwa, na leo asubuhi, nikimpimia mteja misumari dukani, akanijia mzima mzima. Temnin! Joka la giza! Hana macho, anakaa chini kabisa ya mapango, mahali ambapo hata popo wanauliza njia. Pumzi yake huzima mwenge wowote. Gizani, ukitaka kumjeruhi sharti dadu yetu ya nyuso ishirini ikupe kumi na nane au zaidi. Mwangani ni kuku aliyenyeshewa. Hata nne inatosha. Mteja kaondoka na misumari kilo mbili zaidi ya alizotaka. Shauri yake.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Katiba ya Chama cha Pango, chama chetu cha mchezo wa kusimuliana hadithi na kutupa dadu, inasema wazi: kila vuli, mwanachama akileta kiumbe kipya, na kiumbe hicho kikawashinda wachezaji wote, anapewa kiti cha Msimulizi mwaka mzima. Msimulizi ndiye mchezo. Yeye ndiye mvua, yeye ndiye majambazi, yeye ndiye mlango uliofungwa. Sisi wengine tunatupa dadu na kuomba heri. Miaka kumi na moja kiti hicho anakikalia Nevenka, mfamasia. Kumi na moja! Mimi nimeshaleta viumbe tisa. Wote walikufa kabla ya kahawa ya kwanza. Chura wangu wa moto aliuawa na Drejc kwa bahati mbaya, akilenga mlango.

Nakitaka kiti kile. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kutaka kitu kingine kwa moyo wote namna hii.

Jumanne, 4 Novemba

Nimempelekea Nevenka karatasi za Temnin ili azisajili. Kazisoma zote amesimama, foleni nzima ya duka la dawa ikikohoa. Macho yakamng'aa! Kasema miaka yote hii hajaona joka mzuri kama huyu. Nilitaka kuruka, ila nilikuwa karibu na rafu ya chupa.

Kisha akaharibu. Kaniomba, kwa sauti ya chini, mwaka huu nicheze bila ujanja. Mimi? Ujanja? Nikaapa kwa jina la bibi yangu. Nilikasirika mpaka kituo cha basi.

Hapo kituoni nikapiga hesabu. Drejc, mwoka mikate, ana bahati ya kuudhi: anatupa dadu huku anatafuna na anapata ishirini. Bibi Hermina, tarishi mstaafu, hupata kumi na tisa bila kuinua macho kwenye ufumaji wake. Temnin wangu hamalizi raundi tatu.

Ujanja unahitajika.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekula mchana kwa mama, supu ya kabichi chachu na maharage, katiba nimeiegemeza kwenye bakuli. Mama kauliza kama nimerudi shule. Nikamwambia hili ni jambo kubwa kuliko shule. Akajibu kwamba basi nipanguse kidevu, watu wa mambo makubwa hawatiririkwi na supu.

Na papo hapo, kifungu cha kumi na nne! "Dadu isiyosomeka ni dadu iliyokosa." Kiliandikwa kwa ajili ya Drejc, ambaye dadu zake zilikuwa zinaingia chini ya hita, kisha anachungulia peke yake na kutangaza ishirini.

Sasa fikiria. Tunachezea chini ya ukumbi wa wazima moto. Chumba hakina dirisha. Swichi iko nyuma ya kiti cha Msimulizi, na siku hiyo anayeleta kiumbe ndiye anayekikalia. Simu zote zinafungiwa kwenye kopo la biskuti la Bibi Hermina, hiyo ni sheria. Temnin anapumua, mienge ya pangoni inazimika, nami nazima taa. Giza totoro! Wanatupa dadu. Nani anasoma? Hakuna! Wote wamekosa!

Huu si ujanja. Huu ni usanii. Nimemkumbatia mama na supu yake.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa! Nikiwa napiga mswaki nimegundua kwamba hata mimi nitakuwa gizani. Dadu yangu nayo haitasomeka. Temnin atakuwa anakosa, wao wanakosa, tutakaa pale tunakosana mpaka Krismasi.

Lakini akili ni nywele. Dukani tunauza rangi ya kijani inayong'aa gizani, ya kupaka ngazi na milango ya dharura. Nikachukua kopo dogo. Nikachovya dadu yote, nikaianika chini ya taa ili ishibe mwanga, nikaingia nayo kabatini.

Iling'aa vizuri sana. Iling'aa yote, nyuso zote ishirini pamoja na namba zake. Nilikuwa nimeshika pipi ya kijani. Halafu kabati likajifunga kwa nje, na mama ndiye aliyekuja kunitoa. Aliniangalia tu, na hilo ndilo baya zaidi.

Ijumaa, 7 Novemba

Dadu mpya! Safari hii nimepaka namba peke yake, kwa kijiti cha meno, moja moja, saa tatu nzima. Nimepiga chafya mara mbili. Nimejikuna pua, nimejikuna sikio. Lakini kazi imetoka safi! Kabatini (mlango nimeuzuia kwa kiatu) namba zinasomeka kama gazeti.

Vidole vimebaki na rangi. Nimesugua kwa sabuni, kwa mchanga, hata kwa mafuta ya bata ambayo mama kayaweka kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Martin. Wapi! Hata hivyo kwenye mwanga haionekani kabisa, ngozi inakaa kama ya mtu aliyekosa usingizi. Haidhuru.

Drejc kapita dukani kunitupia maneno. Kataka kujua joka wangu wa safari hii atakufa kwa upanga au kwa aibu. Cheka, Drejc. Cheka leo!

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nikiwa nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Tulianza saa tisa alasiri. Nimekaa kwenye kiti chenyewe! Kina mto! Nevenka kakaa upande wa wachezaji. Nilisimulia vizuri ajabu, sijisifu: matone ya maji, harufu ya kiberiti, mkia ukiburuzwa juu ya mawe. Bibi Hermina aliacha kufuma. Drejc aliacha kutafuna! Saa nzima walinitazama mdomoni kama watoto. Nilisahau hata kuwa nina mpango.

Halafu nikaukumbuka. Nikasimama na kunguruma kwamba Temnin amepumua, mienge imekufa, na giza hili chumbani ndilo giza la pango. Nikazima taa.

Wakapiga makofi! Kweli, walipiga makofi!

Kisha yakakatika, moja moja. Drejc akaanza kutoa sauti kama birika. Nevenka akauliza polepole, "Ciril, pangoni kuna giza?"

Nikasema totoro.

"Basi hiyo pua ni ya nani?"

Nikatazama chini. Vidole kumi vya kijani vinang'aa kama taa za barabarani. Jana nilivianika chini ya taa pamoja na dadu, na leo nimekaa saa nzima chini ya balbu. Pua pia. Sikio la kushoto pia.

Drejc alikuwa sakafuni, hana mbavu. Bibi Hermina hakucheka. Alitupa dadu yake, akanishika kifundo cha mkono, akauvuta mkono wangu juu ya meza kama mtu anayesogeza kurunzi, akasoma: kumi na tisa. Nikapinga. Nevenka akasema giza la chumba nimelifanya la pango mwenyewe, basi na pua imo pangoni, na mwanga ni mwanga. Wakapiga kura. Mikono mitatu kwa mmoja, na mmoja huo ndio ulioonekana vizuri zaidi.

Mwangani, nne inatosha. Temnin kafa kwa mapigo matatu, yote yamesomwa kwa vidole vyangu.

Jumapili, 9 Novemba

Nevenka kaja mchana na chupa ya dawa ya kutoa rangi. Mama akamkaribisha bata na kabichi nyekundu. Kala kidogo, kisha kaniambia. Desemba anahamia mji wa Maribor, kazi mpya. Jana alikuwa na ufunguo wa chumba mfukoni, tayari kunipa. Nishinde, nishindwe, kiti kilikuwa changu, kwa ajili ya Temnin. Kasema ile saa moja ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko miaka yake yote kumi na moja. Lakini ujanja ule haukuwapendeza wenzake, na asubuhi wamempigia simu. Kiti kapewa Bibi Hermina.

Iliniuma. Siwezi kuandika vinginevyo. Nilijifanya nachomoa mfupa kwenye jino, machozi yakanitoka, na mama akanisogezea kitambaa. Nevenka akanishika bega, akauliza kama angalau nimejifunza kitu.

Nikamwambia ndiyo, tena nilimwambia kwa moyo mweupe. Nimewaza alasiri nzima na somo limeniingia barabara.

Glavu! Nilipaswa kuvaa glavu! Kesho nachukua jozi mbili dukani.