Mdogo Wangu Asisikike

Jumatano, 6 Agosti

Tumefika uwanja wa tamasha. Vumbi, mahema, nyaya za umeme kila unapokanyaga. Nimelitafuta jina letu kwenye bango la langoni mpaka shingo ikauma. Juu kabisa yuko Malkia, mwimbaji wa soul, herufi kubwa kama milango. Chini yake bendi za roki. Chini ya bendi za roki, vikundi vya nyimbo za asili. Chini ya hao, mshale wa kuelekea vyooni. Chini ya mshale, sisi! "Dada na Kaka." Si "Kaka na Dada" kama nilivyowaagiza. Nani alimfundisha mdogo wangu kuimba hata meno ya mbele hajaota? Nani anatunga? Nani anabeba gitaa?

Tumepangiwa Jumamosi mchana, jua la utosi.

Na hilo si balaa bado. Balaa ni kwamba mdogo wangu alikwenda bombani kuosha vikombe, na akiosha vikombe lazima aimbe. Malkia akapita na watu wake. Akasimama, mguu mmoja ndani ya tope! Akaniuliza binti huyu ni nani. Nikasema ni mdogo wangu, maskini, koo linamsumbua, hapo alipo anajikaza tu.

Jioni jirani yetu wa hema, mpiga dramu wa bendi moja ya roki, akaniambia kwamba mwitikiaji wa Malkia ameolewa na kuacha kazi. Anatafutwa mwingine. Jumatatu wanaanza ziara ya mwaka mzima. Bila mdogo wangu, mimi ni mtu mwenye gitaa, na watu wenye gitaa hapa wamejaa kama nzi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata akili! Asiposikika hatachukuliwa. Nimemwambia apumzishe sauti hadi Jumamosi: asiimbe, asiseme, hata kupiga chafya ajizuie. Akauliza kwa nini. Nikasema wakubwa wote hufanya hivyo. Akakubali bila ubishi. Ndivyo alivyo, akiambiwa na kaka yake amemaliza. Akaosha vikombe kimya. Akawa ananiomba sukari kwa vidole. Nikaona raha.

Raha haikufika saa sita. Malkia akaja mwenyewe hemani kwetu, na daktari wa wasanii nyuma yake! Eti amekosa usingizi kwa kumwazia yule binti mgonjwa. Daktari akamulika koo la mdogo wangu kwa kurunzi. Akatazama. Akatazama tena. Akasema toka aanze kazi hajaona koo zima namna ile, akamwita na muuguzi aje kulitazama.

Nikainua mikono, nikashukuru kwa sauti kwamba amepona. Malkia akasema Jumamosi atakaa mstari wa mbele kabisa.

Kwa nini mimi? Wenzangu wakipanga mambo, yanakwenda. Yangu yanarudi na daktari.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya fundi mitambo. Kwenye tamasha watu humwogopa Malkia, lakini mwenye tamasha hasa ni huyu bwana anayekaa chini ya turubai na vitufe vyake. Akitaka ungurume, unanguruma. Akitaka uwe bubu, unakuwa bubu. Nikamwendea na chai.

Nikamweleza kwamba mdogo wangu ana haya sana. Akiisikia sauti yake kwenye spika anatetemeka, anaweza hata kuzimia. Kwa hiyo amshushie maiki, ila asimwambie, atajisikia vibaya. Akaniuliza, ashushe kiasi gani? Nikasema kiasi cha mtu anayeongea mtoto akiwa amelala. Na gitaa langu alipandishe kidogo, kuziba pengo. Akauliza kama mwenyewe ameomba. Nikasema ndugu hawaombani, wanajuana. Fundi akakuna kidevu muda mrefu. Mwishowe akasema sawa, ila nimsaidie kubeba spika.

Nilibeba spika mpaka mgongo ukakatika. Nimerudi hemani nimepinda. Mdogo wangu akanilaza kifudifudi, akanichua kwa dawa ya misuli, huku akininyooshea kidole kwa kunionya nisibebe tena vitu vizito. Dhamiri ilinisuta. Ilinisuta kwa muda wote ambao dawa iliwaka. Halafu ikapoa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwisha.

Niandike tu. Tulipanda saa ya jua kali. Uwanjani watu walikuwa wamelala kwenye vivuli, wengine wametupa mgongo. Malkia mstari wa mbele, kofia pana, miwani. Nikapiga gitaa. Likatoka kama bati linalong'olewa na upepo! Mdogo wangu akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Malkia akaziba masikio. Nilikaribia kucheka kwa furaha, nikajizuia.

Mdogo wangu akaigonga maiki. Akanitazama. Nikampa ishara aendelee vivyo hivyo, mambo ni mazuri. Basi akaizunguka ile maiki kama mtu anayepita kando ya mbwa aliyelala, akaenda mpaka ukingoni mwa jukwaa, akaketi, akaning'iniza miguu, akaimba kwa koo lake tupu. Koo lililopumzishwa siku mbili nzima! Na mimi ndiye niliyelipumzisha!

Watu wakaamka. Waliokuwa kwenye foleni ya vinywaji wakaiacha. Uwanja mzima ukatulia, na mimi nikiendelea na bati langu, nikazidisha, nimfunike. Mtu akapaza sauti: "We wa gitaa, hebu tulia!" Nikatazama. Ni yule mpiga dramu, jirani yangu wa hema! Kelele ni kazi yake, na yeye ananiambia mimi nitulie! Fundi akanizima. Nikawa nakuna nyuzi hakuna anayesikia.

Malkia alivua miwani akalia mbele za watu. Tuliposhuka tu, kazi akampa.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Nimelala nimegeukia ukuta wa hema. Hema halina ukuta wa kuegemea, nimeanguka nje.

Jumapili, 10 Agosti

Mdogo wangu amekuja asubuhi, macho mekundu. Fundi amemwambia yote! Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu hitilafu ya umeme, nikayapoteza yote. Nikangoja kofi.

Akanikumbatia. "Kaka, kumbe ulijua," akasema. Kumbe nilijua kwamba sauti yake haihitaji mashine, na kwamba kwa kumwambia tu asingethubutu. Ndiyo maana nikampumzisha. Ndiyo maana nikamzimia maiki na kukubali kuzomewa mbele ya watu wote, ili yeye aonekane. Malkia naye amesema katika maisha yake hajaona mwanamuziki wa roho hiyo.

Nifanye nini? Nikainamisha kichwa. Nikasema, "Kaka ni kaka." Halafu nikalia, nikashindwa kunyamaza. Alidhani ni kwa ajili ya wema wangu. Nililia kwa sababu nampenda huyu mtoto, na kesho anaondoka, na sijui kuimba.

Sasa sikia! Amemsihi Malkia, na Malkia amekubali: wananichukua na mimi, gitaa la pili. Basi linaondoka kesho asubuhi. Natakiwa kusema ndiyo tu, nipande.

Moyo uliruka. Lakini mimi si mgeni wa mambo haya. Anayesema ndiyo haraka hudharauliwa. Nikamjibu nitafikiria. Nikatuma masharti: nisimame mbele, si nyuma ya tarumbeta. Na bango liandikwe upya. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, tafadhali, wewe njoo tu." Alikuwa hajawahi kunisihi kitu maishani. Nikaona dalili nzuri: wananihitaji.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikwenda kwenye basi. Nilijibanza nyuma ya choo cha wasanii ili wanitafute kwanza. Mtu anayetafutwa ana bei.

Wakanitafuta! Mdogo wangu alizunguka mahema yote akiita, "Kaka! Kaka!" Alipita karibu mno, nikaiona kandambili yake. Nikabana pumzi. Mwache aite, Malkia asikie jinsi ninavyotakiwa. Dereva akapiga honi. Akapiga tena, ndefu. Malkia akasema kitu, sikusikia nini. Mdogo wangu aliita mara moja zaidi, akaitwa yeye, akapanda.

Basi likaondoka. Alitoa mkono dirishani akapunga, akipungia upande wa mahema, nisikokuwa. Nikapunga na mimi, nyuma ya choo. Nililia sana, siwezi kuficha, mpaka mfagiaji akanisogezea ndoo nikae.

Sasa wanalibomoa jukwaa. Mpiga dramu amepita na begi lake, akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja basi. Watafika barabara kuu, watagundua hawawezi, watageuza.

Wakirudi, mara ya kwanza nitakataa.