Mimi Si Nyinginezo

Jumatatu, 3 Machi

Nimetukanwa! Mchana kweupe, kwa maandishi, tena na mtu aliyekuwa anakunywa chai.

Nilikwenda ukumbi wa maonyesho kujaza fomu. Maonyesho ni Jumamosi, na atakayemfurahisha jaji atapewa chumba cha kufanyia kazi humo ukumbini mwaka mzima. Chumba chenye madirisha mawili! Kibanda changu kina dirisha moja, na linatazama choo cha jirani. Chumba kile ni changu. Kilichobaki ni wao tu kulijua hilo.

Fomu ina visanduku vitano. Mchoraji. Mchongaji. Mfinyanzi. Mfumaji. Nyinginezo. Unaweka alama ya vema kwenye kimoja, basi, umekwisha. Nikamwambia karani mimi siingii kwenye sanduku, sijafa bado. Akauliza kwani si mimi yule fundi wa vibao. Eti ananijua vizuri, ndimi niliyewaandikia USIKOJOE HAPA kwenye ukuta wao wa nje. Aliyasema kwa sauti. Foleni nzima ikasikia.

Miaka kumi na minane! Miaka kumi na minane nawaandikia watu DUKA LA DAWA, MBWA MKALI, HAKUNA NJIA. Kila kitu mtaani humu nimekibandika jina, na sasa wanataka kunibandika na mimi. Nikaapa pale pale mbele ya karani: sichori tena herufi, hata moja. Nikaacha visanduku vyote wazi, nikamsukumia fomu yake. Naye, bila hata kunitazama, akaweka vema kwenye Nyinginezo.

Nyinginezo! Nyinginezo ni ndoo. Ni kandambili. Mtu, hata akidharauliwa vipi, angalau ni wengineo!

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo Kibandiko, jirani yangu mwenye mashine ya stika. Huyu hajawahi kushika brashi. Anabonyeza kitufe, mashine inakohoa, kibao kimetoka. Ameweka vema kwenye Mchoraji.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimekifuta kibao cha kibanda changu mwenyewe. Kilikuwa kinasema FUNDI HERUFI. Sasa hakisemi kitu, cheupe pe. Nilitaka mpita njia asimame ajiulize: humu ndani mna nani? Wamesimama watatu. Wote wameuliza chumba kinapangishwa kiasi gani. Wa tatu aliingia kwa hatua ndefu, anapima kama kitanda kitaenea.

Mchana akaja dada. Dada ndiye aliyenilea. Miaka ishirini ameshona kwenye baraza ya mwenye duka la vyombo, akibeba cherehani kukimbia kila mvua, na Jumamosi anafungua chumba chake mwenyewe. Amekuja kunikumbusha kibao. Ubao ameshanunua, mmoja, mzuri. Anataka neno moja tu: USHONAJI. Alisema stika angeipata siku hiyo hiyo, ila yeye anataka mkono wangu.

Nikamweleza kiapo. Nikamweleza kwamba neno ni jela, kwamba kazi yake ni kubwa kuliko neno ushonaji. Alinisikiliza na pini zake mdomoni. Alipozitoa akasema sawa, ni kubwa, lakini watu watajuaje kuwa ndani mna cherehani? Nikamwambia watahisi. Akazichomeka pini kwenye mkono wa gauni. Kisha akasema haya, ananiamini, nisimwangushe tu.

Nimwangushe! Mimi!

Jumatano, 5 Machi

Nimeamua kujipa jina mwenyewe, kabla hawajanizika na Nyinginezo yao. Siku nzima nimelitafuta. Mpindarangi: ugonjwa wa macho. Mwonanafsi: watu wataniletea kuku niwapigie ramli. Msanii sitaki kulisikia. Mtaani kwetu msanii ni yule aliyeazima simu yako, akasema anarudi sasa hivi.

Jioni nikapata: Mvukamipaka! Nikamjaribia mama wa genge wakati ananifungia mchicha. Nikamwambia kuanzia leo mimi ni Mvukamipaka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti, akaniuliza sukari ya upande wa pili nauzaje.

Nimelifuta jina. Mchicha wenyewe ulikuwa na mchanga.

Alhamisi, 6 Machi

Kibao cha dada kimekwisha. Hakina herufi hata moja! Ni chekundu, kimekunjamana kama kitambaa kinavyokunjamana, na uzi mweupe unakatiza huku na huku. Cha maonyesho ni hivyo hivyo, kikubwa mara tatu. Havina majina, kwa sababu nina msimamo.

Kibandiko akachungulia dirishani. Akauliza mwenye bucha atakuja lini kuchukua kibao chake. Akasifu mafuta, eti yametoka kama ya kweli kabisa. Nikamrushia brashi. Ikamkosa, ikapiga mlango wangu. Akaondoka anasema tena, bila kucheka, kwamba dada yangu anahitaji neno pale. Nani kamuuliza? Wivu mtupu! Hasidi hana sababu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka kazi ukumbini. Kona yangu iko kando ya mlango wa stoo. Na chini ya kazi yangu wamebandika kadi: NYINGINEZO. Kwa stika. Ya Kibandiko!

Nikangoja karani aende chai. Huyu mtu haishi chai. Nikatoa kitambaa na tapentaini, nikaisugua ile kadi mpaka ikaacha kusema. Hakuna Nyinginezo, hakuna Mchoraji, hakuna kitu. Nikatoka na mluzi. Ushindi wa kwanza wa wiki.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nisipoandika nitavunja kitu, na vilivyobaki humu kibandani ni vyangu.

Saa mbili asubuhi dada kafungua. Alivaa gauni aliloshona mwenyewe, amepiga pasi mpaka pazia. Nikapandisha kibao, nikashuka kwenye ngazi, nikangoja watu wahisi. Wa kwanza aliomba nusu kilo ya maini. Wa pili alitaka mifupa ya mbwa wake. Wa tatu aliona cherehani, akasema samahani, akaondoka anacheka mpaka mwisho wa mtaa. Ikafika saa sita, hakuna aliyeleta hata kifungo.

Dada hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kumjibu! Alikaa tu kwenye kiti chake kipya, mikono mapajani, anatazama mlango. Nikamwambia watu wa mtaa huu hawana macho. Akasema nenda kwenye maonyesho yako, mdogo wangu, usichelewe.

Ukumbini nikakuta viti. Karani kaona kona haina jina, kadhani haina mwenyewe, kapanga viti vya ziada mpaka karibu na dari. Kazi yangu iko nyuma yake, imechomoza pembe moja. Nikafoka. Nikamwuliza nani kamtuma. Akauliza nani kafuta kadi. Nikavitazama viti. Akasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, akaenda zake kunywa chai.

Jaji ni mwalimu mstaafu wa kuchora, mama mfupi mwenye mkongojo. Alifika kwenye kona yangu akasimama. Nikanyoosha kola. Akashusha kiti kimoja, akakaa, akafunga kamba za viatu, akaendelea na safari.

Nikamfuata nje nimpe vidonge vyake. Nikamkuta na karani na Kibandiko mbele ya ukuta, anatazama USIKOJOE HAPA. Na ile harufu, maana hakuna aliyewahi kutii! Yeye wala hakuijali. Alikuwa anafuata mkia wa J kwa ncha ya mkongojo, polepole. Akasema mle ndani ameona vitu vingi lakini hakumwona mtu. Hapa mtu yupo. J hii imekaa, imekunja mguu, hakuna wa kuinyanyua. Akasema miaka anapita hapa anajiuliza ni mkono wa nani, na kama mwenyewe yupo, chumba hana haja ya kukitafutia mwingine. Akauliza: ni wa nani?

Karani akanitazama. Kibandiko akaninyooshea kidole, akasema huyu hapa.

Ananidhihaki! Mbele ya jaji! Damu ikanichemka. Nikasema si mimi, sijawahi kuandika upuuzi kama ule, ni fundi fulani tu wa vibao mwenye njaa zake. Jaji akaniuliza mara ya pili, kwa upole, kama nina hakika. Nikaapa kwa kaburi la mama. Akafunga daftari.

Chumba chenye madirisha mawili kapewa mchonga miiko.

Jumapili, 9 Machi

Dada kafungua leo kufidia jana. Nilipita kuchukua ngazi yangu. Nikakuta foleni! Wanawake wanne na mzee mmoja ameshika suruali. Nikatazama juu. Katikati ya picha yangu limekatiza neno: USHONAJI.

Kwa herufi zangu!

Mwizi ni Kibandiko. Jana jioni kapiga picha ule ukuta wa ukumbi, kazikata herufi moja moja, kazipanga, kazitoa kwenye mashine yake, kambandikia dada. Dada anasema hata soda aliikataa. U yangu. S yangu. H, O, A. J yangu imekaa pale pale, na mguu wake. Ila N! Kwenye USIKOJOE HAPA hamna N. Hiyo kaitoa kwenye kompyuta, na imesimama katikati ya ndugu zake imekakamaa kama polisi. Neno zima limeharibika, na watu wanapita chini yake wanacheka na kuongea kana kwamba hawaoni!

Sikuweza. Nikapanda ngazi, nikaibandua, nikachora N. Mkupuo mmoja, bila kupima. Dada alinishikia ngazi. Akasema hata angekuwa kipofu angeijua N ile kwa kuipapasa, maana ndiye aliyenishika mkono nikaiandika mara ya kwanza, kwa chaki yake ya nguo, na mpaka leo inaegemea upande uleule. Alikuwa analia na kucheka. Foleni ikapiga makofi. Mzee wa suruali akasema hongera, fundi.

Fundi! Nikashuka nimefura, nikaondoka bila kuaga. Na ngazi nimeisahau.

Ijulikane kwamba kiapo sijakivunja. Ile si herufi. Ni mistari mitatu imekutana.

Kesho asubuhi namshtaki Kibandiko kwa kuiba herufi zangu, ambazo mimi sikuziandika. Fomu ya mashtaka ninayo, ilibaki tangu ugomvi wetu wa mwaka jana. Nimeijaza yote leo hii, isipokuwa mstari mmoja, unaouliza kazi ya mlalamikaji. Hapo nimeacha wazi.