Rudisha Vishimo vya Macho ya Mke Wangu

Malindi, Lushoto.

Kwa Mheshimiwa Daktari wa Kujaza Nyuso, Dar es Salaam.

YAH: KUONDOLEWA KWA VISHIMO VYA CHINI YA MACHO BILA IDHINI YA MUME

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, basi naisubiri yako. Huku kwetu baridi ni kali, kabichi zimefunga vizuri, na nia ya barua hii si ugomvi. Mimi ni mzee wa kanisa, ugomvi siuwezi. Ni kwamba tu umenivurugia nyumba.

Mwezi wa kwanza mke wangu, Janeth, alikuja huko kumtembelea binti yetu Glory. Alitoka hapa na macho yake ya siku zote, yaliyozama, na ule weusi chini yake. Amerudi uso umejaa kama bibi harusi! Kwenye mkoba wake nikakuta karatasi yako yenye picha za wanawake, kabla na baada, na maelezo ya hiyo sindano mnayoiita fila. Nilipomuuliza, alicheka. Kicheko cha mtu mzima ni kukiri. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Umefuta ushahidi. Zaidi ya miaka ishirini watu wa hapa walikuwa wakimtazama Janeth machoni na kusema, Sefania kaoa mchapakazi. Sifa ile ilikuwa yangu, Daktari. Sasa wanamtazama na kuniuliza kama tumeacha kulima. Macho hayana pazia, siwezi kuwazuia.

2. Umeniaibisha msibani. Mwezi wa tatu nilimzika mama yangu mzazi. Dada zangu walikuja kutoka Bumbuli, wakamwona wifi yao na sura ya mtu aliyetoka likizo, wakanong'ona kwamba mkwe hakulia. Alilia! Nilimsikia mwenyewe huko jikoni, akiwapikia waombolezaji, wao wakiwemo. Lakini nani ataamini? Zamani alikuwa akifika kwenye msiba wowote tayari anaonekana amelia, na hakuna aliyekuwa na neno.

3. Hili ndilo kubwa. Inaonekana pamoja na sindano ulimpa amri ya kulala. Fuso la Hamza, anayenunua mboga zetu, hufika barabarani kabla hakujapambazuka. Miaka yote Janeth alikuwa akilisikia likiwa bado kwenye kona ya chini, anaamka, anakamua ng'ombe, anashusha kabichi, na mimi nikiamka nakuta chai mezani. Nilidhani ndivyo asubuhi zilivyo. Sasa Fuso likipiga honi, anavuta blanketi na kuniambia kwamba daktari amesema alale. Mimi ni nani nibishane na daktari? Nikaamka. Daktari, ile njia ya kushukia barabarani ina mawe. Nilikuwa nikiambiwa, nikadhani ni maneno ya wanawake. Na ng'ombe hanijui kabisa. Amenipiga teke mbele ya Hamza, na Hamza hana siri.

4. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Juzi nilikuwa nanyoa ndevu, nikainua kioo, nikaviona. Vishimo vile vile vya Janeth! Vimezama, vyeusi, kimoja kila upande, na vimekaa kwenye uso WANGU. Hapo ndipo nilipoielewa kazi yako. Wewe hujazi kitu. Shimo haliwezi kupotea hivi hivi. Likitoka usoni kwa mtu, lazima liende mahali. Umevitoa kwa Janeth ukavihamishia kwa mtu wa karibu. Naomba unijibu: kwenye zile picha zenu za kabla na baada, mbona waume hamuwaweki?

Tena, tangu viingie kwangu sina raha. Jumapili mchungaji alinishika mkono akaniuliza kama ninaumwa. Akina mama wa usharika wameniletea uji wa ulezi, na wote wananipa pole, pole mzee, pole sana. Miaka yote Janeth alipokuwa navyo hakuna aliyempa pole hata mmoja, nikiwemo mimi, maana tulishaelewana kwamba ndiyo sura yake. Mimi navyo havinikai. Mimi ni mwanamume wa kupumzika, nimezaliwa hivyo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, vishimo hivi virudishwe kwa mwenyewe. Kama dawa haikubali kurudi nyuma, basi niandikie cheti chenye mhuri, nikitundike sebuleni, kisomeke kwamba mke huyu aliwahi kuchoka. Na hiyo amri ya kulala uifute kabla msimu wa matunda damu haujaanza, maana matunda damu hayasubiri mtu.

Wasalimie wauguzi wako, mlinzi wa mlangoni, na wale wanawake wote wa kwenye picha, hasa wa safu ya kabla.

Ni mimi niliyehamishiwa,
Mzee Sefania

N.B. Barua nilimpa Janeth aniandikie anwani juu ya bahasha, kwa kuwa ni yeye anayeijua. Aliisoma yote amesimama, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema hukumchoma sindano yoyote. Eti ulimtazama tu, ukamwambia akalale wiki mbili kwanza, ndipo arudi mzungumze habari za fila. Akaenda kwa Glory, akalala. Hakurudi kwako kwa sababu hakukuwa na cha kujaza tena. Kwa hiyo namba moja mpaka nne naomba uzifute, ingawa ile ya ng'ombe ni kweli.

Nilimuuliza mbona usingizi huo asingeulala hapa hapa nyumbani. Kitanda si tunacho, blanketi tunalo, na hii hewa yetu Wazungu wanaifuata kwa ndege. Alinitazama chini ya macho yangu, jicho hili kisha lile, akaniambia, pole, Baba Glory. Halafu akaenda kulala.