Suti ya Mwarandu

Jumapili moja mwaka wa arobaini na sita, kanisani Kisauni, Mwarandu, mzee wa kanisa, alipitisha kikapu cha sadaka huku akijikuna katikati ya vidole. Waumini walitazama kikapu. Chengo alitazama vidole. Ulikuwa upele, na Chengo aliujua vizuri kwa kuwa aliwahi kuulea mwenyewe. Ila mtu mwenye suti ya sufu na mablanketi mawili ya jeshi hastahili ugonjwa rahisi hivyo.

Walipotoka, Chengo akawavuta kando Mwarandu na mkewe Kafedha.

"Shikamoo mzee. Samahani, huwasha zaidi usiku ukijifunika?"

"Marahaba. Umejuaje?"

"Pole sana. Huo ni ukoma."

Mwarandu akaketi chini, kikapu mkononi. Mwenye ukoma alitengwa mbali na watu, naye Mwarandu baada ya mwezi alikuwa amwoze binti yake. "Hakuna dawa, mwanangu?"

"Ipo. Nguo na malazi nitayazika mwenyewe, mbali. Wewe oga maji ya moto, ujipake mafuta nitakayokuletea, siku tano. Na usinishukuru. Dawa haishukuriwi."

Yalikuwa mafuta ya nazi na unga wa kiberiti, dawa ya upele tangu zamani, maana Chengo alikuwa mwizi, si muuaji. Mwarandu akapona. Chengo naye hakuzika hata kifungo. Suti aliijaribu mlango ukiwa umefungwa, na mablanketi yakamlaza kama Bwana Shauri, mkuu mzungu wa wilaya.

Jumapili ya tatu, katikati ya wimbo, Chengo alijikuna.

"Chengo," akauliza Kafedha, kwa sauti ya kusikika hadi mimbarani, "huwasha zaidi usiku?"

Benchi zima likahama.

"Ni upele tu, jamani."

"Kumbe? Na wa mume wangu ulikuwa nini?"

Chengo akapima haraka. Mwongo hupigwa, mgonjwa huhurumiwa. "Basi ni ukoma," akasema kwa unyonge.

"Pole. Twendeni tukamzikie nguo."

Wakaenda na majembe hadi chumbani kwake. Walichimba shimo wakazika kila kitu chake, hata kofia, isipokuwa suti na mablanketi, ambayo Kafedha aliyabeba kwa kijiti akayachemsha mara tatu.

Siku ya harusi Mwarandu aliivaa suti, mikono imerudi kidogo. Chengo, amejifunga gunia, alikula wali wake peke yake nje ya ua, akijikuna kwa mikono miwili. Kafedha akamwonea huruma, akamwekea chini chupa ya mafuta iliyobaki nusu.

"Jipake siku tano," akasema. "Na usinishukuru."